Kumtafutia Shemeji Kalenda

Kuna watu hawawezi kununua hata pasi bila kusoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi mpaka nukta ya mwisho. Mama huyu ni mmoja wao. Nyumbani wanamwita Mpekuzi, na wala haoni kama ametukanwa. Kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta, ila usidhani anaandika kila kitu mwenyewe. Anayejenga nyumba hakai akafua bawaba za mlango, anakwenda kuzitafuta. Mpekuzi naye ana kiunzi chake, yaani mifupa tayari ya programu anayojengea juu yake, na vile vitu vya kupachika anavichukua mtandaoni, kwa watu baki walioviandika wakaviacha wazi kwa yeyote. Wenyewe wanaviita maktaba. Kitabu humo hamna hata kimoja, na ukiuliza kwa nini wanakutazama tu.

Ijumaa alikuwa hospitali, akimwonyesha shemeji yake, mdogo wa mumewe, programu mpya ya kupanga miadi ya wagonjwa. Shemeji haoni tangu utotoni. Ndiye anayepokea simu za hospitali nzima, na mji mzima unaijua sauti yake kuliko uso wake. Kompyuta inamsomea kilichoko kwenye skrini, naye anaisikiliza kwa kidude cha sikioni.

Kalenda iliyokuwamo, Mpekuzi aliichagua kama watu wanavyochagua hoteli: ilikuwa na nyota nyingi kuliko zote. Shemeji akabonyeza. Sauti ikasema, kitufe. Akabonyeza tena. Kitufe. Kitufe. Kitufe.

"Shemeji," akasema, "mwezi mzima huu ni vitufe. Siku mmezificha wapi?"

"Ningoje kidogo."

"Mimi nakungoja. Muulize huyo aliyesimama mlangoni kama na yeye anangoja."

Mlangoni alikuwa katibu wa hospitali, mkuu wa ofisi. Alikwisha kusema: Jumatatu miadi yote inahamia kwenye kompyuta, na mpokea simu asiyeweza kuipanga mwenyewe atapumzishwa. Kupumzishwa, huko maofisini, ni kufukuzwa kwa adabu.

Kesho yake asubuhi Mpekuzi akajikalia na kompyuta kwenye meza ya jikoni. Kalenda za kiunzi chake zilikuwa mamia. Safari hii nyota akaziruka, akaenda moja kwa moja kwenye malalamiko, maana kila maktaba ina mahali pa watumiaji kuandika shida zao. Wengine hujiliwaza kwa umbea wa mtaa. Yeye hujiliwaza hapo. Akamkuta mwenye kalenda mmoja anayemjibu kila mtu kwa matusi. Akakuta nyingine nzuri ya kupigiwa picha, lakini mwenyewe katoweka miaka, maswali yamerundikana kama barua za mtu aliyehama. Nyingine ilitaka kiunzi cha zamani, ikambana kama kiatu cha mtoto aliyekwisha kukua.

Mumewe akamwekea chai, ikapoa, akamwekea nyingine.

"Umepata?"

"Nimepata watu. Kalenda bado."

Halafu akaiona moja ya kijivu, tarehe zimebanana kama zinaogopa baridi. Mwenyewe hakuweka jina wala sura, kaweka picha ya kobe. Chini mtu kamuuliza: asiyeona anaweza kuitumia? Kobe kajibu: "Mama yangu haoni. Kila nikibadilisha kitu anakijaribu yeye. Akikataa, hakitoki."

Mpekuzi akasoma, akarudia. Akabaki anajiuliza mama huyo anakaa wapi, na anamgombeza mwanawe kwa lugha gani. Kisha akaipachika ile kalenda kwenye programu ya hospitali, akafunika skrini kwa taulo la vyombo, akabonyeza. Jumanne, tarehe tisa, sauti ikasema. Jumatano, tarehe kumi.

"Baba, njoo usikie."

Mumewe akasikiliza. "Jumatano."

"Ndiyo."

"Kwani ulikuwa huijui?"

Kilichopungua kilikuwa kimoja tu: kalenda haikusema siku gani imejaa. Mpekuzi akaliongeza neno hilo mwenyewe, akamtumia na Kobe, kama kurudisha bakuli la jirani na kitu ndani. Mchana jibu likaja. "Mama amekataa. 'Imejaa' umeliweka mwisho. Anasema hawezi kusikiliza tarehe nzima ndipo aambiwe nafasi hakuna. Litangulie."

Akacheka peke yake, akalitanguliza. Jibu la pili likawa fupi: "Amekubali."

Jumatatu katibu akavuta kiti, akakaa nyuma ya bega la Shemeji. Simu ya kwanza ikaingia, mama mmoja anamtaka daktari wa meno Jumanne. Shemeji alikwisha kuiongezea kasi ile sauti ya kompyuta, mpaka kwa mtu mwingine ni mlio wa nyuki tupu.

"Jumanne imejaa, mama. Jumatano asubuhi ipo. Nikuandike?" Akamwandika.

Katibu akaisogelea skrini. "Mbona kalenda yenyewe mbaya hivi?"

"Mimi sijaona ubaya wowote," Shemeji akasema.

Mpekuzi, aliyekuja kushuhudia, akageukia dirishani haraka kuficha kicheko. Katibu akakohoa, akapanga kalamu ambazo hazikuwa na shida.

"Haya. Meza yako hii, hakuna wa kukuondoa," akasema mwishowe. "Ila kuna jambo moja nilitaka..."

Simu ikalia. Shemeji akainua kidole, na mkuu wa ofisi akanyamaza.

"Hospitali, habari za asubuhi."