Mtu Aliyekubali Kila Nilichosema

Usiponiamini mimi, njoo Rahaleo umuulize Somoe. Ni binti wa shangazi yangu, na tangu tukiwa wadogo hajawahi kukubaliana nami hata kuhusu chumvi ya mboga. Hili moja tu hanipingi. Kwa hiyo tega sikio, na ucheke mwishoni kama utaweza.

Mimi ni admini wa grupu letu la mtandaoni, la watu wanaopenda kutembea porini na pwani. Lilianza kwa picha za vilima na fukwe, likaishia kwenye siasa kama magrupu yote. Gesi, korosho, nani apewe kura, nani anyimwe. Nina msimamo wangu na siuonei haya. Mtu asiyesema anachoamini ni mzigo kwa nchi yake. Ila kelele zilipozidi niliwatoa wabishi mmoja mmoja, na grupu likawa tamu. Nikiandika jambo, gumba juu, gumba juu. Aliyebaki kunipinga ni Somoe, na huyo simtoi. Mabinamu ni watani, na mtani hatolewi.

Basi siku moja nikaandika kwamba wakati wa bamvua, maji yakitoka sana, mtu anaweza kupita kwa miguu kwenye mikoko mpaka fungu la mchanga pale mlangoni mwa mto Ruvuma, akaitazama Msumbiji, akarudi kabla maji hayajajaa. Magumba yakamiminika. Somoe akajibu: "Utaliwa na mamba, nami nitakula ubwabwa wa matanga yako." Nikamwambia aje ashuhudie. Siku ilipofika, wale wa gumba juu wote walikuwa na udhuru. Tukaenda wawili.

Kwenda kulikuwa raha, sitadanganya. Fungu tulilifikia, Msumbiji tuliiona, picha nilipiga. Lakini tukiwa njiani kurudi, katikati ya mikoko, Somoe alitumbukiza mguu kwenye mizizi na kifundo kikateguka. Hawezi kukanyaga. Mtandao hakuna. Na maji, ambayo asubuhi yalikuwa mbali kabisa, yakaanza kurudi kwenye vijito. Unayajua maji ya bamvua? Hayapigi hodi. Nikamkalisha juu ya mzizi mkubwa, nikamwambia naenda kuitafuta njia tuliyojia.

"Njia ni huku," akasema, akionyesha kushoto.

Mimi nilikuwa na hakika ni kulia. Nikaenda kulia, nimekasirika.

Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi. Nasema hivyo usije ukadhani ni macho ya gizani. Penye kijito nikamkuta mwanamume amesimama ndani ya maji, na shati lake limepigwa pasi. Hebu fikiria! Mimi tope mpaka mapajani, yeye shati lina mstari wa pasi mikononi.

"Kaka, njia ya kutokea ni huku?"

"Ndivyo, dada."

Moyo ukatulia. Nikamweleza kwamba mwenzangu ameumia, na kwa ubishi wake alitaka kunipeleka kushoto.

"Ndivyo. Mbishi sana huyo. Amekuchosha."

Kisha akaanza kuzungumza habari za korosho, za gesi, za kura. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, yaleyale niliyoyaandika grupuni nikiwa nimejilaza kitandani. Unadhani niliogopa? Nilifurahi! Nilimfuata nikiitikia kwa kichwa, tukielekea kwenye kina, na Somoe ameketi peke yake kwenye mzizi.

Kilichonizindua ni baridi magotini. Nikasimama, nikamtazama vizuri.

"Maji yanapwa, eti?"

"Ndivyo, dada. Yanapwa."

Naye maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Nikamjaribu tena kwa utani wa nyumbani, ule ambao mtu yeyote wa kwetu angenirudishia mara mbili: "Na sura yako ni ya nyani aliyefukuzwa kwenye mahindi."

"Ndivyo," akasema, akitabasamu. "Twende."

Nikasoma Ayatul Kursiy kwa sauti, nikageuka, nikajisemea: Somoe simwachi, hata mto wote uhamie humu.

Nilimkuta maji yamemfika kifuani. "Nimekuja," nikamwambia. "Tutatoka."

"Muongo we! Njia yenyewe huijui."

Wallahi, sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Nikamfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, mtu mzima yule, naye analalamika kwamba mgongo wangu una mifupa. Tukashika kushoto. Kila kona tulibishana, na kila tulipobishana tulisimama, tukapima kina kwa fimbo, ndipo tukachagua. Na kila nilipofungua kinywa mimi, nyuma yetu sauti ilisema, "Ndivyo. Ndivyo." Somoe aliisikia kwa masikio yake. Sikugeuka. Niliendelea kukanyaga tope mpaka tukawatokea akina mama waliokuwa wakitafuta kaa, nao wakatuvuta mpaka nchi kavu.

Somoe bado anachechemea asubuhi za baridi. Wabishi wote niliowatoa nimewarudisha, na wananisema ipasavyo. Kutembea sijaacha, na siachi. Bamvua ijayo narudi Ruvuma pamoja na mwenyeji anayeijua mikoko ile. Msimamo wangu juu ya korosho nao uko palepale.

Ila grupuni kuna namba ambayo hakuna aliyeiingiza. Haina picha, haisemi kitu. Nikiandika lolote, huwa ya kwanza kuweka gumba juu. Nimeitoa mara nyingi, na kila nikiitoa, kesho yake imo. Juzi niliandika makusudi kwamba Somoe alifia mikokoni siku ile. Watu walinijia juu, na Somoe mwenyewe akauliza ubwabwa wake uko wapi. Namba ile ilikuwa imeshakubali.

Basi nawe, leo hii, fungua grupu unalolipenda kuliko yote, uandike uongo ambao hata mtoto angeucheka. Atakayekubishia, mshike mkono usimwachie. Atakayekubali upesi, usimfuate, na hasa usimfuate penye maji.