Kipa Aliyeacha Kujitupa

Kosa langu la kwanza katika kuwafundisha watoto mpira lilikuwa kuwasomea makosa yao kwa sauti, wamesimama mstari, kabla ya kila mchezo. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na niliamini kabisa kwamba hivyo ndivyo moyo wa mchezaji unavyokomaa.

Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Nilijifunza kwa kusikiliza mechi redioni, na kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kilichopoteza kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui mwandishi alianza kwa kushauri nini. Zilizobaki niliziamini zote. Habari ya mstari niliitoa shuleni, ambako kila asubuhi, baada ya bendera na nyimbo za kumsifu Kiongozi, mkurugenzi alisoma majina ya wakosaji. Tulitetemeka, na mimi, mwoga tangu kuzaliwa, nilidhani kutetemeka ndiko kupata nguvu.

Timu yetu ilikuwa ya mtaa mmoja wa Kamina, watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne. Nusu walikuwa wana wa wakulima wa hapa, nusu wana wa askari waliotoka kila pembe ya Zaire. Tulifanya mazoezi kando ya reli. Treni ya mizigo ikipita mchezo ulisimama wenyewe, kwa sababu beki wetu wa kushoto alipenda kuhesabu mabehewa. Hilo nalo niliandika katika daftari langu la makosa: "Beki wa kushoto: mabehewa."

Daftari lilikuwa na safu tatu nilizochora kwa rula. Nikikosea neno moja, nilinakili ukurasa mzima upya. Watoto waliniita yaya, kama wanavyomwita kaka yeyote aliyewazidi umri, nami nikawaomba waseme "antrenere", yaani kocha kwa Kifaransa. Walikubali, lakini walilitumia jina hilo nilipojikwaa tu.

Kipa alikuwa mtoto wa askari, mrefu, mpole, mwenye viganja vipana. Alipofika kwetu alijitupa kwa kila mpira, hata ule uliokuwa unakwenda nje. Baada ya miezi miwili ya kusomewa daftari langu alisimama katikati ya miti ya goli kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Nilimwandika: "Anazubaa." Ijumaa moja, siku moja kabla hatujacheza na watoto wa kambi kubwa ya jeshi, akaniambia kwamba mchezo wa kesho utakuwa wake wa mwisho.

"Juu ya nini?" nikamwuliza sababu.

"Nimechoka tu, yaya."

Nilirudi nyumbani nikimtafutia sababu: uvivu, malaria, msichana. Hatukuwa na kipa mwingine, lakini si hilo lililonisumbua. Sikuwahi kumwona mtoto aliyeupenda mpira kama yule, na sasa alikuwa anauacha. Sababu nilikuwa nimeibana kwapani, ndani ya daftari, na sikuiona.

Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya kila wiki, ilipokwisha na mtaa umefagiliwa kwa amri, wageni wetu walishuka kwenye lori la jeshi, wote wamevaa viatu. Sisi tulikuwa na pea saba kwa watu kumi na mmoja. Bao la kwanza lilipita hatua moja kutoka kwa kipa wetu, naye akalisindikiza kwa macho, kwa adabu, kama mtu anayempisha mkwe wake njiani. La pili akalisindikiza vilevile.

Wakati wa mapumziko nikafungua daftari.

"Antrenere, soma polepole," akasema beki wa kushoto. "Leo iko mingi."

Wenzake wakainama kuficha meno. Kipa hakucheka.

"Yangu iko mbili," akasema. "Bao mbili, makosa mbili. Nimeshahesabu."

"Umehesabu namna gani?"

"Nikijitupa na nikikosa mupira, unaandika mbili: amechelewa, ameanguka mubaya. Nikisimama tu, unaandika moja: anazubaa. Sasa minyi nitajitupa juu ya nini?"

"Weye njo unajua hesabu," beki akamwambia, kwa heshima ya kweli.

Nikafunua kurasa za nyuma. Ilikuwa hivyo hivyo. Wiki kwa wiki makosa ya kipa yalikuwa yamepungua, na pembeni, kwa kalamu nyekundu, mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika: "Maendeleo."

Nikafunga daftari. Basi nikasema ukweli. Nikawaambia kwamba sijawahi kujitupa hata mara moja. Nilipokuwa na umri wao nilicheza mechi moja tu, na mpira uliponijia niliinama kujifanya nafunga kamba za kiatu.

"Tunajua," akasema beki. "Yaya yangu alikuwa mu ile timu. Anasema siku ile ulicheza miguu tupu."

Walicheka mpaka wageni wakatugeukia. Kipa naye alicheka, kisha akaniuliza, "Uliogopa nini?"

"Kukosea mbele ya bantu."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa zaidi. Njo maana naandika ya kwenu."

Akalitazama daftari. "Nikijitupa na nikikosa, utaandika ngapi?"

"Hakuna."

"Na wakiingiza kumi?"

"Hakuna. Jumatatu nitakuja kujifunza kuanguka pamoja na weye."

"Hiyo lazima tuone," akasema beki.

Kipindi cha pili, mpira wa kwanza ulipokuja, kipa akajitupa, akaukosa kwa mbali, akala vumbi. Bao la tatu. Akanitazama. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kutafuta kalamu. Nikaupiga makofi na ule mwingine, nikashangilia peke yangu kama kichaa. Mpira uliofuata akaugusa. Mwingine akaudaka na kuulalia muda mrefu, mpaka refa akamwomba auachie. Tulifungwa manne kwa moja.

Jumatatu kipa alifika kabla yangu. Nilijitupa mbele ya timu nzima, nikaanguka vibaya, na bega likaniuma wiki nzima.

Tangu hapo sisomei watoto makosa yao kabla ya mchezo. Kosa la mtu namwambia peke yake, siku ya pili, na kwanza namwuliza yeye mwenyewe alionaje. Uoga wangu haujaisha, ila siuandiki tena kwa majina ya wengine.