Upande wa Ndani wa Ukuta

Mama aliyenilea alifariki alfajiri, Mtongwe. Ilipofika saa nne, mjomba wangu alikuwa makaburini akimkataza mchimbaji asichimbe ndani ya ukuta.

"Ndani ni pa ukoo," alisema. "Wazee wake wamelala kule nje, na hakuna aliyelalamika."

Kule nje ni kichakani. Bibi wa marehemu alikuwa mtumwa katika nyumba ya babu wa mama yangu mzazi. Utumwa ukaisha, mpaka wa makaburi ukabaki. Mwaka ule wa vurugu, watu walipochomeana nyumba Likoni, lori la waliokuwa wakikimbia liliuangusha ukuta. Nchi ilipotulia tuliujenga upya. Marehemu alibeba maji ya kukorogea saruji, nasi tukaupitisha palepale ulipokuwa. Mimi niliyeandika tasnifu nzima juu ya utumwa wa pwani ndiye niliyewashikia mafundi kamba.

"Mjomba, kihistoria..." nilianza.

"Nyamaza wewe. Digrii haichimbi kaburi."

Mchimbaji alicheka, kisha akaona haya, akaegemea jembe lake. Jeneza lingefika baada ya swala ya adhuhuri, na hapakuwa na shimo popote.

Mwalimu wa madrasa, aliyekuja kusimamia maziko, akauliza kwa upole, "Na nani atashuka kumpokea? Mume hana, mtoto hana. Yuko maharimu wake, ndugu asiyeweza kumwoa?"

"Si huyu mzee hapa?" akasema mchimbaji, akimwonyesha mjomba. "Mama wa marehemu ndiye aliyemnyonyesha. Mtongwe nzima yajua."

"Miezi miwili tu!" mjomba alifoka. "Mama yangu alikuwa mgonjwa."

"Miezi miwili yatosha, sheikh wangu," alisema mwalimu. "Huyo ni dadako wa kunyonya."

Mjomba alikitazama kile kichaka.

"Kule nje kuna siafu," akasema hatimaye. "Wallahi, sishuki shimo la siafu mimi." Akapiga bakora yake chini, hatua mbili kutoka kwa kaburi la mama yake. "Hapa. Na ulichimbe vizuri, magoti yangu mabovu."

Baada ya swala alishuka, nikimshika kwapani. Tulipomteremsha marehemu, mjomba aliinua mikono kumpokea, akatukemea sisi.

"Polepole! Mwadhani mwashusha gunia?"