Neno Nililolisahau Kwenye Faili la Mtindo

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nachapa kazi za watu kwenye duka la steshenari pale Temeke, miaka ile kompyuta ndiyo zinaingia mitaani. Mwenye duka, Mzee Sudi, alikuwa amezeekea kwenye kupanga herufi za risasi, moja moja kwa mkono, uchapaji wa zamani. Kompyuta akaniachia mie. Basi nikavimba kichwa, usiseme!

Kompyuta ile haikuwa kama hizi zenu. Unachapa maneno matupu, unatia alama: hili jina, hiki kichwa, hii tarehe. Sura ya karatasi inaamuliwa na faili jingine, tukiliita faili la mtindo. Ukigeuza kitu mle, kila kazi inayopita inageuka. Siku hiyo nilikuwa na kijitabu cha hitima, majina ya wafu tele, na kuandika "marehemu" kwa kila mmoja niliona uvivu. Nikaliamuru faili la mtindo: kila penye alama ya jina, tanguliza Marehemu. Kikatoka kizuri, nikajisifu peke yangu. Kulirudisha faili lilivyokuwa, nikasahau.

Kesho yake asubuhi akaja Zuhura, binti wa Tandika, kutazama kadi ya harusi yake. Alikuja na bibi yake aliyemlea, Bi. Mwanahawa, ndiye mwalikaji. Karatasi ikatoka, Zuhura akaisoma kwa sauti: "Marehemu Bi. Mwanahawa anayo furaha kukualika..." Akashusha kidole. Chini, jina lake mwenyewe, marehemu. La bwana harusi, marehemu.

"Nani kaandika hivi?" akaniuliza.

Nikawaonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Neno halimo! Nikachapa tena, likatoka. Mara ya tatu, likatoka. Bi. Mwanahawa akanishika mkono, vidole vyake baridi.

"Acha, mjukuu wangu. Kama hukuliandika wewe, tumeshajua limetoka wapi."

Walipotoka tu, nikakumbuka. Hawakuwa wamefika hata kituoni, ningewakimbilia. Sikukimbia. Niliona haya kuonekana sijui kazi, nikajiambia nitarekebisha kimya kimya, nitawapelekea kadi safi, watasahau.

Siku ya tatu Zuhura akarudi peke yake, macho yamevimba. Bibi hali, hanywi. Kagawa khanga zake zote, kaomba asomewe Yasini. Anasema ameitwa. Mzee Sudi akamsikiliza, kisha akanigeukia mie.

"Wewe unajua kitu."

Nikasema yote. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

"Kosa la karatasi linafutwa kwa karatasi," akasema. "Hili lako limeshaingia moyoni mwa mtu. Nenda ukalitoe kwa mdomo wako."

Nikaenda na Zuhura, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza bibi alama, faili, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipapasa kichwa.

"Nimekusamehe. Ila mie nilishaaga, na watu hawaagi mara mbili."

Alifariki Ijumaa ile. Hospitali walisema uzee. Huenda. Mie najua alikaa siku tatu akingojea kifo, na mie nilikuwa na la kumwambia. Zuhura aliolewa baada ya arobaini, bila ngoma wala vigelegele.

Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mie nilificha, kifo kikamchukua mwingine. Mashine itakutii hata unapokosea, haina huruma wala haya. Kwa hiyo ukigeuza kitu kinachotumika kwa kazi za wengi, kirudishe kabla hujainuka kitini. Na ukigundua kosa ni lako, usingoje kulipamba. Toka mbio, aibu yako umeibeba hivyo hivyo mkononi, umuwahi mtu angali na hamu ya kuishi.

Mola akupe mikono yenye baraka na ulimi usiochelewa, na kila utakayemkosea umkute bado anakungoja. Amin.