Ratiba Mtandaoni, Muhuri Mkobani

Jumamosi nilikuwa saiba moja, duka la intaneti pale Adams Arcade, nikingoja kuchapishiwa barua. Mbele yangu alikuwa katibu wa kamati ya maji ya mtaa wetu kule Satellite, mama wa mkoba mkubwa. Alitaka ratiba ya mgao wa maji, iliyokuwa kwenye jedwali la kompyuta, iwekwe mtandaoni ili wapangaji waache kumpigia simu alfajiri.

Mwenye saiba alifungua dirisha jeusi kwenye skrini, akaandika amri ya mstari mmoja, akabonyeza. Jedwali likageuka ukurasa wa wavuti, safi, unaosomeka hata kwa simu.

"Mathe, imeingia. Watu wafungue tu hii linki."

Mama akasogeza uso karibu na skrini, akatafuta kitu asikione. Kisha akatoa mkobani muhuri wa kamati, uliofungwa kwa kitambaa.

"Sasa hapa nitagonga wapi?"

"Hii haigongwi, mathe."

"Na nani ataamini?"

Jamaa akashusha pumzi, akamchapishia ukurasa kwenye karatasi. Mama akaigonga muhuri kwa nguvu, akaipiga picha, akaituma kwenye kundi letu la wasapu pamoja na linki.

Wiki hii zamu zilibadilika. Mama alipeleka jedwali jipya, jamaa akarudia amri yake, ukurasa ukasahihishwa papo hapo. Lakini jana mtaa mzima tulipanga mitungi mbele ya mifereji mikavu. Maji yalikuwa yamepita juzi, kama ukurasa ulivyosema.

Linki nilikuwa nayo. Lakini picha ya Jumamosi ndiyo ilikuwa na muhuri.