Mgeni wa Basi la Lamadi

Kila Ijumaa jioni alikuja kwenye dirisha langu la tiketi, stendi ya Bariadi, mwanafunzi yule aliyetoka Zambia kusoma uuguzi hapa. Aliuliza basi la kesho la Lamadi linaondoka saa ngapi, akaandika saa hiyo kiganjani kwa kalamu, akashukuru, akaenda zake. Jumamosi hakuonekana. Ijumaa ya tatu nikamuuliza, "Mdogo wangu, mbona husafiri?"

"Nampigia mama nikiwa hapa stendi, asikie honi, adhani nasafiri kutembelea watu," alijibu taratibu, akichagua kila neno. "Akijua nashinda chumbani peke yangu, atalia."

"Kesho napanda basi hilo mpaka Mkula, kwa mama yangu," nikamwambia. "Saa moja asubuhi uwe hapa."

Alifika saa kumi na mbili alfajiri, viatu vimepigwa brashi. Tulipofika Mkula alipiga magoti mlangoni, akamwamkia mama kwa lugha yetu, "Mwangaluka, mayu." Sijui nani alimfundisha. Mama akamshika mikono, akamuuliza kwa Kisukuma habari za wazazi, za mvua, za ng'ombe. Mgeni hakuelewa hata neno. Akajibu kwa lugha ya kwao, kwa kirefu, mpaka machozi yakamtoka, na mama akawa anaitikia tu, bila kumwachia mikono.