Nyuzi Fupi za Makonge

Asubuhi ile niliondoka Garsen bila kujua ninakwenda wapi. Nilipanda bodaboda ya kwanza iliyowaka, nikashuka Ngao kwa sababu moja tu: kando ya mto mama mmoja alikuwa akimsimanga fundi aliyeinamia pampu, nami tangu niache shule sijui kupita penye mashine iliyofunguliwa.

Kiungo cha plastiki kinachoshika bomba kilikuwa kimepasuka. Pampu ni ya wakulima kadhaa, hutumiwa kwa zamu, na kesho yake ilikuwa ivuke ng'ambo kwa siku saba. Mahindi ya mama yalikuwa yametoa mbelewele, majani yamejikunja. Siku saba yasingefika.

Fundi aliyeyusha vipande vya jerikeni, akachanganya nyuzi za kamba ya makonge zilizokatwa fupi kama ukucha. Nilidhani anaiharibu plastiki. Akanipa vipande viwili vilivyopoa. Kile kitupu nilikikunja kwa vidole. Chenye nyuzi kilinishinda hata kwa goti. Hakuna uzi uliofika ncha hadi ncha, ila plastiki ilikuwa ikiupokeza mzigo kutoka uzi hadi uzi.

Akabandika kiraka cha mchanganyiko ule penye ufa, akawasha pampu. Maji yalipojaa, kiraka kikapasuka kwa urefu, mstari mnyoofu kama kuni iliyopasuliwa.

Mama, ambaye pia husuka mikeka, alikitazama kwa muda.

“Fundi, nyuzi umezilaza kufuata bomba. Nani hufunga mzigo wa kuni kwa kamba iliyolala na kuni?”

Fundi akacheka, akasema basi wabadilishane, yeye akalime. Lakini aliyeyusha upya, na safari hii akaivuta plastiki polepole iwe utepe. Nilichuchumaa karibu. Nyuzi zilizokuwa zimetawanyika ovyo ziligeuka zenyewe, mmoja mmoja, zikalala kufuata mvuto, kama nyasi ndani ya mkondo. Hakuna aliyezipanga.

Akauzungusha utepe kwenye kiungo, akaupoza kwa maji ya mto. Injini ikanguruma. Niliweka kiganja juu ya kiungo, nikausikia mto ukisukuma ndani, na nyuzi zile fupi zikikataa.

Mama aliniuliza ninalala wapi. Nikasema sijui.

“Basi shika jembe, uelekeze maji. Chumba kipo.”

Mstari wa mwisho wa mahindi ulilowa kabla jua halijazama. Chumba chenyewe ndimo anamoweka mikeka. Nilitandika mmoja, nikapitisha kidole juu ya ukindu, nikitafuta umelala kufuata upande gani.